Desemba ya mlimani: mchango huanza kwa kufahamiana

Kila mwaka, Desemba ikishavuka katikati, barabara ya Dar es Salaam kwenda Moshi haijui usiku. Mabasi yanayopita Chalinze, Segera, Korogwe na Same hujaa hadi kiti cha mwisho. Magari madogo hufuatana yakiwa na magunia ya mchele na madumu ya mafuta ya kula. Na tangu Desemba 2019, treni ya abiria iliporudi kwenye reli ya kaskazini baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20, wapo wanaoshukia stesheni ya Moshi wakiwa wamebeba watoto waliolala mabegani. Penye njia panda ya Himo msafara unagawanyika: wa Marangu, Mwika na Rombo wanakata kulia, wa Kibosho, Uru na Machame wananyoosha kwenda Moshi mjini kabla ya kuanza kupanda.

Watani husema Wachaga, wenyeji wa Mlima Kilimanjaro, wanakwenda kuhesabiwa. Wachaga wenyewe wameuzoea utani huo, na wengine hujibu kwamba ndiyo, wanakwenda kuhesabiwa, na ole wake atakayekosekana.

Lakini safari hii ina gharama. Nauli ya watu watano kwenda na kurudi, zawadi za wazee, mbuzi wa sikukuu, sadaka, na michango inayosubiri kule juu: ukijumlisha, familia nyingi huacha mlimani akiba ya miezi mingi. Kijana anayeanza maisha Kimara au Mbagala ana haki ya kuuliza kwa nini fedha hiyo isitumwe kwa simu tu, bibi akaipokea kwa wakala, na yeye na familia yake wakapumzika nyumbani kwao.

Swali ni la haki na linastahili jibu. Simu hubeba fedha, lakini haibebi sababu ya kuitoa. Mtu humchangia anayemfahamu. Hulipia ada mtoto aliyewahi kumpakata. Humtibu shangazi aliyewahi kumpikia. Hukarabati darasa la shule ambayo aliwahi kupita mbele yake na baba yake, akaonyeshwa dirisha ambalo baba huyo alikuwa akikaa karibu nalo. Safari ya Desemba ndiyo inayowaandaa wachangiaji wa miaka 20 ijayo, na familia inayoifuta kabisa kwa kubana matumizi inajinyima wasaidizi wake wa kesho.

Ardhi ilipokuwa ndogo

Ili kuelewa kwa nini wasafiri ni wengi kiasi hiki, ni lazima kuanza na kihamba. Kihamba ni shamba na makazi kwa pamoja. Nyumba imezungukwa na migomba, chini ya migomba kuna kahawa na magimbi, juu yake kuna miti mirefu ya kivuli, na kando lipo zizi la ng'ombe wanaolishwa ndani. Kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, kilimo cha namna hii kimeenea katika takriban hekta 120,000. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikitambua kijiji cha Shimbwe Juu, upande wa Uru, kuwa sehemu ya urithi wa kilimo wa dunia kwa sababu ya vihamba vyake.

Kihamba hakiuzwi kirahisi, maana ndani yake wamezikwa mababu. Makaburi yako hatua chache kutoka jikoni, na mtoto anayecheza uani hucheza akiwa karibu na babu wa babu yake. Kwa desturi, mtoto wa kwanza wa kiume alipewa sehemu yake, wa mwisho akabaki na nyumba ya wazazi pamoja na jukumu la kuwatunza, na wale wa katikati wakatarajiwa kujitafutia mahali pengine. Vizazi vichache vilitosha kuvigawa vihamba hadi vikabaki vipande visivyoweza kulisha kaya. Wa katikati wakashuka mlima. Wakafungua maduka Kariakoo na Mwanza, wakafundisha Tabora, wakaingia ofisini Dodoma.

Takwimu za sensa zinaonyesha mkondo huo. Mwaka 2012 Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu 1,640,087. Mwaka 2022 ulikuwa na watu 1,861,934. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 1.3 kwa mwaka, wakati taifa zima liliongezeka kwa asilimia 3.2. Uzazi wa mpango una sehemu yake katika tofauti hiyo, lakini kuondoka kuna sehemu kubwa.

Kwa hiyo familia ya mlimani ni familia ya watu walioondoka ili nyumba ibaki. Kila aliyeshuka alimwachia ndugu yake nafasi, na kila aliyebaki amekuwa mlinzi wa mahali ambapo wote watarudishwa siku ya mwisho. Hapo ndipo wajibu wa kuchangiana unapozaliwa, na ndiyo maana aliyeishi Dar es Salaam miaka 40 bado husema "nyumbani" akimaanisha Mamba au Kirua.

Mlima uliojengwa kwa mikono ya wengi

Kuchangiana kulikuwepo mlimani hata kabla ya fedha. Wasafiri wa karne ya 19 waliikuta mifongo, mifereji iliyochimbwa kwa mkono kutoka kwenye vijito vya msituni, ikishusha maji hadi kwenye migomba. Kila mfongo ulikuwa na wenyewe, na kila kaya iliyotumia maji ilitoa mtu siku ya kuusafisha. Asiyetokea alitozwa faini. Maji yaligawanywa kwa zamu, na mwenye zamu ya usiku aliamka usiku. Mahali ambapo mfongo bado unafanya kazi, utaratibu ni uleule.

Kahawa ilipokuwa zao la biashara, wakulima walijipanga kwa mtindo huohuo. Mwaka 1925 waliunda chama chao, KNPA, ambacho Joseph Merinyo alikuwa miongoni mwa viongozi wake wa kwanza. Mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilichounganisha vyama vya msingi vya vijiji. Sehemu ya fedha ya kahawa ilikatwa kujenga shule, na mkulima asiyejua kusoma akawa amelipia darasa la mtoto wa jirani yake. Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, navyo vikarejea mwaka 1984, lakini wazo lilikuwa limeshakomaa vijijini. Katika miaka ya 1980, wakati nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno, Kilimanjaro ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoongoza kwa kujenga sekondari kwa nguvu za wananchi, makanisa na jumuiya za wazazi. Wengine walitoa matofali, wengine mchanga, wengine siku za kazi.

Kinachonigusa katika historia hii ni ukaribu wa mtoaji na alichokitoa. Aliyebeba tofali aliwajua watoto watakaokaa darasani. Aliyetoa siku ya kazi kwenye mfongo aliona maji yakiingia kwa jirani mjane. Hakuhitaji kuhubiriwa ukarimu, kwa sababu aliyesaidiwa alikuwa na jina na mlango.

Desturi hiyo bado inaonekana Jumapili baada ya ibada katika sharika nyingi za Kilutheri za mlimani, pale unapofanyika mnada nje ya kanisa. Asiye na noti ameleta mkungu wa ndizi, trei la mayai, kuku au chupa ya maziwa. Desemba, wageni wa mjini wakiwepo, bei hupanda. Mkungu hununuliwa, anayeununua anaurudisha unadiwe tena, na mwishowe anapewa bibi kizee aketiye karibu na mlango. Mzee aliyeleta ndizi zake anaona zimeingiza kanisani kiasi ambacho yeye peke yake asingekiweza, na mtoto wa mjini aliyesimama pembeni anajifunza kwamba utoaji ni wa kila mtu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Siku ya kikao

Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, koo nyingi hukutana. Nimehudhuria vikao hivi tangu nikiwa mtoto wa kutumwa kuleta viti, na mpangilio wake, kila ninapoutazama, naona uliwekwa na watu waliofikiri sana.

Mbuzi huchinjwa asubuhi. Kisusio, supu ya damu ya mbuzi, kinanywewa mapema, mtori wa ndizi unachemka jikoni, pombe ya mbege iliyopikwa siku kadhaa kabla, kwa ndizi mbivu na ulezi, inaletwa. Mzee mwenye umri mkubwa kuliko wote anafungua kwa sala. Kisha huja utambulisho. Kila kaya inasimama: huyu ni mke wa kijana wetu, ameolewa mwaka huu; huyu ni mjukuu, anaingia kidato cha kwanza; huyu ni wa Mwanza, hamjamwona tangu azaliwe. Kwa kuwa kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama, mzee aliyekaa mbele anaweza kumsikia mtoto wa miaka sita akitaja jina la baba wa mzee huyo aliyekwishafariki. Nimewaona wazee wakimwita mtoto wa namna hiyo na kumkalisha karibu nao hadi mwisho wa kikao.

Baada ya utambulisho huja mashauri. Waliogombania mpaka, waliosemana vibaya msibani, waliokopeshana na kunyimana, huletwa mbele ya wazee. Hapa ndipo isale ina kazi yake. Jani hilo, ambalo mmea wake hupandwa kwenye mipaka ya vihamba na makaburini, ndilo ambalo Wachaga hupelekeana kuomba msamaha, na anayepelekewa isale hatarajiwi kukataa. Fedha huja mwisho. Mweka hazina anafungua daftari, anasoma kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, kisha zinatajwa shida za mwaka unaokuja: paa la bibi, ada ya yatima, choo cha shule ya msingi, daraja la miti lililochukuliwa na mvua.

Kufahamiana kwanza, kupatana pili, fedha tatu. Ukoo unaobadilisha mpangilio huo, ukaanza na madeni ya michango kabla ya watu kujuana, mwakani hupata viti vitupu. Watu hawakimbii kutoa. Wanakimbia kudaiwa na watu wasiowafahamu.

Simu ilichotupa na isichoweza

Kabla ya fedha za simu, mchango wa kwenda kijijini ulisafiri ndani ya bahasha, mikononi mwa kondakta wa basi au jirani anayekwenda nyumbani. Bahasha ilichelewa, na nyingine hazikufika. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, na mitandao mingine ikafuata, mambo yalibadilika. Leo dawa inanunuliwa Moshi kwa fedha iliyotumwa kutoka Mtwara dakika tano zilizopita. Hilo ni jambo kubwa, na limeokoa maisha ya watu.

Ukubwa wake ulionekana Julai 2021, Serikali ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi kinachotumwa. Malalamiko yalikuwa makubwa hadi tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30 ndani ya mwaka huohuo. Waliolalamika hawakuwa wafanyabiashara tu. Walikuwemo watoto wanaowatumia wazazi fedha ya sukari na mafuta ya taa, na kila shilingi iliyokatwa ilitoka kwenye mkono wa mzee.

Pamoja na fedha za simu limekuja grupu la ukoo kwenye WhatsApp. Lina faida zake. Orodha ya michango hubandikwa, kila mmoja anaona ahadi na taslimu, na mweka hazina hana pa kuficha. Ndugu aliye Oman au Canada anapata habari sawa na aliye Kibosho.

Lakini fikiria binti wa miaka 23 aliyezaliwa Tegeta, aliyeunganishwa kwenye grupu siku alipopata kazi ya kwanza. Anaamka asubuhi na kusoma: "Ndugu zangu, mama mkubwa amelazwa, tunaomba tuchangamke." Hajui ni mama mkubwa yupi. Anaangalia picha, anaona mwanamke mwenye kitenge asiyemkumbuka. Anatuma kidogo kwa sababu jina lake litaonekana kwenye orodha. Mwezi unaofuata kuna ombi jingine, na la tatu. Siku moja grupu linatangaza kwamba amejitoa, na wakubwa wanasema vijana wa siku hizi hawana utu. Binti huyo ana utu. Alikosa utambulisho. Alidaiwa mchango wa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumpeleka akamsalimie.

Msiba hutangulia, ugonjwa husubiri

Kuna jambo ambalo koo zetu zinapaswa kuliangalia usoni, na Desemba ni wakati wake. Tunachangia msiba kwa kasi ambayo hatuonyeshi kwa mgonjwa.

Mtu akifariki Dar es Salaam na kuzikwa Rombo, ndani ya siku chache zinapatikana fedha za jeneza, gari la kumsafirisha marehemu, basi la waombolezaji, maturubai, chakula na kaburi la marumaru. Harusi nayo ina kamati, mwenyekiti, vikao vya kila wiki na kadi za single na double. Lakini mara nyingi marehemu huyohuyo aliomba msaada wa matibabu wiki kadhaa kabla, na kilichopatikana hakikutosha hata vipimo vya KCMC, hospitali kubwa ya rufaa iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971 ambayo familia nyingi za mlimani huikimbilia.

Sababu si ukatili. Msiba una tarehe, una kamati inayoundwa saa ileile, na una macho ya watu. Ugonjwa hauna tarehe wala kamati, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe anaona haya kuomba. Ada ya shule ina tarehe, ila tunaiona ni ya mwenye mtoto, hasa tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ingawa sare, madaftari, bweni na chakula bado vinamlemea mlezi asiye na kipato.

Dawa yake ni kuuwekea ugonjwa kamati kabla haujafika. Ukoo unaokutana Desemba unaweza kukubaliana mambo machache na kuyaandika. Kila kaya itatoa kiasi gani kwa mwezi kulingana na uwezo wake, mwenye kidogo asiaibishwe. Fedha itakaa kwenye akaunti ya benki yenye watia saini watatu wa kutoka nyumba tofauti. Mgonjwa atapata kiasi fulani ndani ya saa chache bila mjadala, na kinachozidi hapo kitajadiliwa. Wazee wote watakatiwa bima ya afya. Bunge lilikwishapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na familia haina sababu ya kungoja hadi mama alazwe ndipo ianze kuulizana kadi iko wapi. Hesabu zisomwe mara mbili kwa mwaka, na risiti zionyeshwe hata kama mweka hazina ni baba mdogo anayeheshimika. Kumwomba risiti ni kumlinda.

Mfuko wa namna hii hauhitaji utajiri. Vyama vya kufa na kuzikana vimeendeshwa na watu wa kipato cha chini katika mitaa yetu miaka mingi, kwa uaminifu mkubwa. Tukiongeza na kuuguzana, tutakuwa tumewasaidia ndugu zetu wakiwa bado wanaweza kusema aika, yaani asante.

Wasioandikwa kwenye daftari

Daftari la mweka hazina lina kasoro moja: linajua shilingi tu. Yupo mtu katika karibu kila familia ya mlimani ambaye jina lake huwa chini kabisa kwenye orodha, au halipo, na ambaye anatoa kuliko wote. Ni yule aliyebaki nyumbani. Mara nyingi ni mtoto wa mwisho, na mara nyingi zaidi ni mke wake. Ndiye anayekata majani ya ng'ombe, anayemwogesha mama, anayeamka saa nane usiku baba akikohoa, anayejua dawa ipi inaisha lini. Sisi wa mjini tukituma fedha, ndiye anayeigeuza fedha hiyo kuwa uji, chai na nguo safi. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kikao kinachosoma majina ya waliotoa laki moja moja bila kumtaja mama huyo kimesoma hesabu nusu. Naomba koo zetu zianze kuandika na zamu za uuguzi. Nani alilala hospitalini, kwa siku ngapi? Nani alimpeleka bibi kliniki? Yasomwe hadharani kama inavyosomwa fedha. Na shukrani isiishie kwenye makofi. Ndugu wa mjini wapangiane, kila mmoja achukue wiki mbili kwa mwaka akae na wazazi ili aliyebaki apumzike, aende kwao akawaone wazazi wake naye. Apewe posho ya wazi, isiyoitwa msaada.

Wa pili wanaosahaulika ni mabinti. Dada zetu huchanga sawa na kaka zao, na katika familia nyingi wao ndio wa kwanza kutuma na wa mwisho kulalamika. Lakini mazungumzo ya kihamba yakianza, bado kuna vikao vinavyowapeleka jikoni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Binti anayeezeka nyumba ya wazazi, kisha akaambiwa hana neno kuhusu nyumba hiyo, atajiuliza anachangia nini hasa. Kumpa kiti ni haki, na ni njia ya kuhakikisha watoto wake nao wanajiona wa nyumba ile.

Mtoto wa mjini

Kumfikisha mtoto mlimani bado si kumfahamisha. Nimeona watoto wanaokaa siku saba ndani ya gari na simu zao, wakila chipsi za kununuliwa njia panda, wakarudi mjini wakiwa hawajui jina la bibi yao zaidi ya neno bibi. Wazazi wametumia fedha zote, na kilicholetwa na fedha hizo hakikuwafikia watoto.

Mtoto hufahamiana na watu kwa kufanya nao kazi. Apelekwe na binamu zake kukata majani. Atumwe peke yake kwa babu mdogo wa nyumba ya tatu kupeleka sukari, akae, aulizwe maswali, arudi na salamu. Aonyeshwe makaburi na aambiwe kila mmoja aliishije: huyu alichimba mfongo, huyu alikuwa karani wa ushirika, huyu alilea watoto saba wa dada yake. Kwenye mnada apewe noti yake anunue parachichi yeye mwenyewe. Mwenye miaka 15 asaidie kuandika kwenye daftari la kikao, ajue fedha ya ukoo inatoka wapi na inakwenda wapi. Huyo, akipata kazi miaka minane baadaye, akisoma kwamba mama mkubwa amelazwa, atajua ni mama mkubwa yupi. Atapiga simu kabla ya kutuma fedha.

Wapo ambao hawawezi kwenda kila mwaka, na hawapaswi kuonewa. Nauli ni kubwa, na wauguzi, askari na madereva wako kazini sikukuu. Wanaweza kupokezana: mwaka huu wazazi wabaki, watoto wapande na shangazi yao. Wanaweza kwenda Pasaka, mabasi yakiwa na nafasi. Aliye ughaibuni apigiwe kwa video wakati wa utambulisho, watoto wake waonekane na wataje majina yao, badala ya kukumbukwa pale tu mweka hazina anaposoma waliobakiza ahadi.

Hayo siyaandiki kwa Wachaga peke yao. Wahaya wana Bukoba yao, Wanyakyusa wana Tukuyu, Wapare wana Usangi na Ugweno, na ndugu zetu Wakenya nao huifunga Nairobi mwezi huohuo wakaelekea mashambani. Kila jamii ina mahali ambapo jina la mtu linajulikana bila kitambulisho, na kila jamii inazeesha watu wanaopajua mahali hapo haraka kuliko inavyolea wapya.

Kuna ndugu mmoja ambaye nimemwacha hadi sasa, na ndiye ninayetaka msomaji amfikirie wiki hii. Hajapanda mlima miaka kadhaa. Biashara yake ilianguka, au kazi ilikwisha, au ndoa ilivunjika, na anaona haya kufika mikono mitupu mahali ambapo watu hushusha magunia kutoka kwenye magari. Kwenye grupu haandiki. Kwenye orodha jina lake lina alama ya deni. Tunasema amejitenga, na hakuna aliyemwambia kwamba anatakiwa aje hivyohivyo alivyo.

Mchango wa kwanza wa Desemba hii uwe nauli ya huyo. Utumwe kimya, mtu mmoja au wawili tu wakijua. Mzee wa ukoo ampigie simu mwenyewe, amwambie nafasi yake ipo na hadaiwi kitu. Akija, asimame siku ya utambulisho kama wengine, na watoto wake waonekane. Deni lake la michango lifutwe kwenye daftari mbele ya watu, bila hotuba. Ukoo ulioweza kumrudisha huyo umekwishafanya kazi ngumu kuliko zote, na paa la bibi, ada ya yatima na choo cha shule vitapata watu wa kuvichangia.